Baada ya Kuanguka: Historia ya Mazoezi ya Chini katika Judo

Katika mieleka ya watoto, Dumila kama kwingineko wilayani Kilosa, mchezo huisha mgongo ukigusa mchanga. Mmoja amemshika mwenzake kiunoni, amemtia ngwala, mwenzake kaenda chini chali, na waliowazunguka wanashangilia kwamba yamekwisha. Aliyeangushwa anajikung'uta na kudai marudiano. Hakuna anayeuliza ingekuwaje kama wawili wale wangeendelea palepale chini.

Judo iliuliza. Jibu lilichukua miongo mingi kukamilika, na sehemu yake kubwa ilitoka kwa watu walioshindwa. Leo limehifadhiwa katika majina ya Kijapani ambayo mwanafunzi wa judo huanza kuyasikia mapema, awe Unguja, Nairobi au Paris: uchikomi, yakusoku-geiko, kakari-geiko, randori. Wengi huyachukua kama maneno ya kukariri kwa ajili ya mtihani wa mkanda. Ukiifuata historia yake unakuta jambo zito zaidi. Kila jina ni makubaliano ya watu wawili kwamba katika zoezi hili mmoja atamzuia mwenzake kwa kiasi gani. Makubaliano hayo ndiyo yaliyoiwezesha judo kufundisha kabali na kukunja viwiko kwa zaidi ya karne bila kuwavunja wanaojifunza. Ndiyo maana nayasimulia kwa kirefu, kwa ajili ya yeyote mkoani Morogoro anayefikiria kutandika mkeka na kuanza kufundisha vijana.

Mikeka 12 hekaluni

Jigoro Kano alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, karibu na Kobe. Alikuwa kijana mwenye akili nyingi na mwili mdogo, na shuleni Tokyo wenzake walimwonea. Mwaka 1877 akaanza kujifunza jujutsu, sanaa ya kale ya kupambana kwa mikono mitupu, chini ya mwalimu Hachinosuke Fukuda wa shule ya Tenjin Shin'yo. Kano alisimulia baadaye kwamba siku moja, baada ya kuangushwa kwa mbinu fulani, alimuuliza mwalimu inafanywaje. Mwalimu alimwambia asogee, akamwangusha tena. Alipouliza mara nyingine, akaangushwa mara nyingine. Hivyo ndivyo elimu ile ilivyorithishwa: mwili uliufundisha mwili mwingine, na maelezo yalikuwa machache.

Fukuda alifariki mwaka 1879. Kano akaendelea kwa Masatomo Iso wa shule ileile, kisha kwa Tsunetoshi Iikubo wa shule ya Kito. Kutoka Tenjin Shin'yo alipata kabali na namna za kumbana mtu chini. Kutoka Kito alipata miangusho. Mwaka 1882, akiwa kijana wa miaka 21, alifungua shule yake ndani ya hekalu la Kibudha la Eishoji, Tokyo, akaiita Kodokan. Wanafunzi wa mwaka ule wa kwanza walikuwa 9. Chumba kilitandikwa mikeka 12, yaani karibu mita za mraba 20.

Mikeka hiyo, tatami, ilikuwa na tumbo la majani makavu ya mpunga. Majani yalipangwa kwa matabaka, yakashindiliwa na kushonwa mpaka yakawa bapa lenye unene wa sentimita 5 hivi, kisha yakavikwa mkeka mwembamba uliosukwa kwa nyasi za majini. Wakulima wa mpunga wa mabonde ya Kilosa na Mvomero wanayajua majani hayo vizuri: baada ya mavuno huliwa na ng'ombe au huchomwa palepale shambani. Japani nayo ilikuwa nchi ya mpunga, na mchezo wake wa kuangushana ulikulia juu ya mabaki ya mavuno.

Kano alikuwa msomi, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Tokyo, na alifanya kazi ya msomi: alipanga. Mbinu za kuangusha aliziweka fungu moja, nage-waza. Mbinu za kudhibiti, katame-waza, zilikuwa na matawi matatu: osaekomi-waza, yaani kumbana mtu chini, shime-waza, yaani kabali, na kansetsu-waza, yaani kukunja viungo. Mpambano wa chini kwa jumla ni ne-waza. Katika kila zoezi palikuwa na watu wawili wenye majina yao, tori anayetenda na uke anayepokea. Wala uke hakuwa gunia la kuangushwa. Alikuwa na kazi ya kufanya kwa ustadi uleule.

Kazi ya uke inaonekana wazi katika katame-no-kata, mfululizo rasmi wa mbinu za kudhibiti ulioanza kutungwa miaka ya 1880 na kukamilishwa mwaka 1906 ukiwa na mbinu 15: tano za kubana, tano za kabali, tano za kukunja viungo. Katika mbinu za kubana, uke analala chali. Tori anamjia akiwa amepiga goti moja, goti la kushoto chini na mguu wa kulia umefunguka, mkono wa kulia juu ya goti la kulia. Anatulia kwanza kwenye umbali uitwao toma, mita moja na kitu hivi, kisha anasogea hadi chikama, karibu sentimita 30, ndipo anaugusa mwili wa mwenzake. Akishambana, uke hujaribu kujinasua mara tatu, kila mara kwa njia nyingine, na tori hujibu kila jaribio bila kulegea. Mwisho uke anapiga kwa kiganja mara mbili kuonyesha kwamba amekubali, na tori anaachia palepale. Mambo yote muhimu ya ne-waza yamo humo: kumkaribia mtu kwa hadhari, kuzuiwa kwa kiasi kinachojulikana, na kuachia bila ubishi.

Hata hivyo Kano alipenda wanafunzi waanze kwa kusimama. Aliamini miangusho inaukuza mwili wote na kwamba aliyeizoea ardhi mapema hupata shida baadaye kujifunza kuangusha. Kwa hiyo katika miaka ya kwanza ya Kodokan mpambano wa chini ulikuwepo, lakini haukuwa ndio uliotiliwa mkazo. Pengo hilo lilionwa na mtu mmoja wa magharibi mwa Japani.

Mtu wa Okayama

Mataemon Tanabe alikuwa mwalimu wa jujutsu wa shule ya Fusen, kutoka Okayama. Miaka ya 1890 judo ya Kodokan ilikuwa inaenea kwa kasi kupitia polisi na shule, na wapiganaji wake walijulikana kwa miangusho yao. Tanabe hakushindana nao katika walilolijua. Aliwavuta chini, na huko chini wakawa wageni. Takisaburo Tobari, mmoja wa watu wa Kodokan, alishindwa naye, akaenda kujifua, akarudi na kushindwa tena kwa mbinu za chini. Hajime Isogai, mwingine wa Kodokan, alikutana naye pia na akajionea jinsi mtu aliyelala chali anavyoweza kuwa hatari kuliko aliyesimama.

Somo hilo lilipokewa vizuri. Kodokan haikutafuta sheria ya kumfungia Tanabe nje. Ilianza kujifunza ne-waza kwa bidii. Isogai akawa mmoja wa mabingwa wake wakubwa, akafundisha kwa miaka mingi Kyoto, kwenye makao ya Butokukai, chama cha sanaa za mapambano kilichoanzishwa mwaka 1895. Sheria zilizotungwa wakati huo zililenga jambo jingine, usalama. Mwaka 1899 kukunja vidole, vifundo vya mikono na vifundo vya miguu kulipigwa marufuku mashindanoni. Marufuku ziliongezeka mpaka, kufikia mwaka 1925, kiungo pekee kilichoruhusiwa kukunjwa kikawa kiwiko. Ashi-garami, mbinu ya kuukunja mguu, imebaki hadi leo mwishoni mwa katame-no-kata, lakini anayeitumia mashindanoni anaondolewa.

Vijana wa Kyoto

Mwaka 1914 Chuo Kikuu cha Kifalme cha Kyoto kiliandaa mashindano ya judo ya shule za juu zilizoandaa vijana kwa vyuo vikuu, pamoja na vyuo vya ufundi. Kwa ufupisho wa Kijapani shule hizo ziliitwa kosen, na judo yao ikachukua jina hilo. Mashindano yaliendelea hadi mwaka 1940, na ndani ya miaka hiyo mpambano wa chini ulipiga hatua kubwa kuliko wakati mwingine wowote kabla yake.

Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Vijana hao walikaa shuleni miaka 3, na wengi wao hawakuwahi kuvaa judogi, vazi la judo, kabla ya hapo. Kumfundisha mtu mzima kuangusha vizuri huchukua miaka mingi na hudai kipaji. Ardhini mambo ni tofauti: mwendo ni wa polepole, mwalimu anaweza kuusimamisha, kuusahihisha na kuurudia mara nyingi kwa siku bila mtu kuanguka kutoka juu. Aliyechelewa kuanza, mwenye bidii na mwenzake wa kufanya naye mazoezi, aliweza kumshinda mwenye kipaji. Sheria za kosen ziliwasaidia. Mshindani aliruhusiwa kumvuta mwenzake chini bila kwanza kumwangusha, refa hakuwasimamisha kwa sababu tu wamekaa chini muda mrefu, na ushindi ulipatikana kwa ippon peke yake, yaani pointi kamili inayomaliza pambano.

Mashindano yalikuwa ya timu, na mshindi alibaki mkekani kukabiliana na anayefuata. Humo zikazaliwa kazi mbili. Nukiyaku alitakiwa ashinde na kuwapunguza wapinzani. Wakeyaku alitakiwa atoke sare na mtu mwenye nguvu kuliko yeye, ili amwondoe mkekani. Kijana wa kawaida aliyejifunza kujikinga vizuri akawa na thamani sawa na nyota wa timu. Huyo alijifunza hasa mkao uitwao kame, yaani kobe: magoti na viwiko chini, shingo imefichwa, mikono imeilinda kola. Na kwa kuwa kulikuwa na makobe wengi, washambuliaji walilazimika kubuni njia za kuwafungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, huko Okayama nyumbani kwa Tanabe, wanafunzi wa Shule ya Juu ya Sita pamoja na mwalimu wao Yaichibei Kanemitsu waliikuza sankaku-jime, kabali ya pembetatu, ambamo miguu ya tori inaifunga shingo na mkono mmoja wa uke. Leo mbinu hiyo inajulikana kote duniani.

Huko Kanazawa, Shule ya Juu ya Nne ilichukua ubingwa wa mashindano 7 ya kwanza mfululizo. Mmoja wa waliopita kwenye ukumbi wake miaka ya baadaye alikuwa Yasushi Inoue, ambaye alikuja kuwa mwandishi maarufu wa riwaya Japani na kuyaandika maisha hayo ya vijana waliotoka jasho juu ya mikeka. Imani ya wachezaji wa kosen ilikuwa kwamba wingi wa mazoezi ndio unaoamua kila kitu. Imani ya namna hiyo ingeweza kuwaumiza wengi kama mazoezi yenyewe yasingekuwa na utaratibu.

Ngazi ya majina

Utaratibu huo haukuwa wa kosen peke yao. Umetumika katika judo yote, na majina yake kadhaa yanatumika pia katika kendo, mchezo wa upanga wa mianzi. Mazoezi yamegawanyika kwanza mara mbili: tandoku-renshu, ya mtu mmoja, na sotai-renshu, ya watu wawili.

Zoezi la mtu mmoja linalojulikana zaidi ni ebi, yaani kamba wa baharini. Unalala chali, unakunja goti, unakanyaga kwa mguu mmoja, unajigeuza kiubavu na kusukuma nyonga nyuma huku mikono ikinyooka mbele kana kwamba inamsukuma mtu. Mwili unajikunja na kurudi nyuma, kisha unafanya upande wa pili, ukumbi mzima kutoka ukuta hadi ukuta. Mtoto anayeanza huona ni mchezo tu. Siku anapobanwa chini na mtu mzito kuliko yeye ndipo nyonga zake zinapokumbuka.

Kwa watu wawili, ngazi ya kwanza ni uchikomi. Hapa uke hazuii. Chukua kesa-gatame, mbinu ya kwanza katika katame-no-kata. Uke yuko chali. Tori ameketi ubavuni kwake upande wa kulia, mkono wake wa kulia umezunguka shingo ya uke, wa kushoto umeushika mkono wa kulia wa uke na kuubana kwapani, miguu yake imetanuka, kichwa kimeinama. Kesa ni vazi la mtawa wa Kibudha linalopita bega moja na kushuka hadi upande wa pili wa kiuno. Mparakuyo anayechunga ng'ombe karibu na Dumila akiwa amejifunga lubega anauonyesha mstari huohuo wa mkono wa tori. Katika uchikomi tori anaingia kwenye mkao huo, anatoka, anaingia tena, mara 10 au 20, wakibadilishana zamu. Kinachotafutwa ni usahihi, na uke anayezuia hapa anamnyima mwenzake haki ya kujifunza.

Ngazi inayofuata ni yakusoku-geiko, zoezi la ahadi. Wawili wanaelewana kabla: nitakubana kwa kesa-gatame, wewe utanigeukia na kujikunja kama kamba, mimi nitajibu kwa kuhamia yoko-shiho-gatame, yaani kukubana kutoka ubavuni, wewe utaingiza goti. Uke anajitikisa kweli, lakini kwa njia iliyoahidiwa. Nguvu inapanda kidogo, na tori anajifunza kuusikia mwili wa mwenzake ukibadilika chini yake.

Kisha kuna kakari-geiko. Hapa mmoja anashambulia mfululizo na mwingine anajikinga tu, hashambulii. Mmoja amekaa mkao wa kobe, mwingine ana dakika mbili au tatu za kumfungua, halafu wanabadilishana. Ndilo zoezi linalochosha kuliko yote, na ndilo lililowajenga wakeyaku wa kosen. Kuna pia sute-geiko, ambamo aliye mzoefu anajitoa kwa mdogo wake, anamwacha afanye na kumpa upinzani mdogo tu unaomfaa. Judo imeupa ukarimu huo jina na nafasi katika ratiba, ili usitegemee moyo wa mtu siku hiyo.

Mwisho ni randori, mazoezi huru, wote wawili wakishambulia na kujikinga, wakianzia magotini au mgongo kwa mgongo. Juu ya randori kuna shiai, shindano lenyewe. Kutoka uchikomi hadi shiai ngazi zinapanda kwa kitu kimoja tu, kiasi cha upinzani. Mengi yanayoharibika mkekani huharibika pale wawili wanaposimama kwenye ngazi tofauti bila kujua: mmoja anadhani ni yakusoku-geiko, mwingine yuko kwenye shiai. Kiwiko kinachokunjwa kwa kasi ya shindano, huku mwenye kiwiko amelegea akisubiri zoezi la ahadi, hakina kinga.

Sekunde 30 za Tokyo

Kano hakuona judo ikiingia Olimpiki. Mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 77, alisafiri hadi Cairo kwenye mkutano wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kutetea michezo ya Tokyo ya mwaka 1940. Akiwa njiani kurudi alifariki ndani ya meli Hikawa Maru, tarehe 4 Mei 1938. Michezo ile haikufanyika kwa sababu ya vita. Baada ya vita Marekani iliyoikalia Japani ilipiga marufuku sanaa za mapambano shuleni, Butokukai ikavunjwa mwaka 1946, na mageuzi ya elimu yakazifuta shule za juu zilizobeba kosen. Tangu mwaka 1952 vyuo vikuu saba vya Hokkaido, Tohoku, Tokyo, Nagoya, Kyoto, Osaka na Kyushu hukutana kila mwaka kushindana kwa sheria zinazorithi zile za kosen, timu za watu 15.

Olimpiki ilipofika Tokyo mwaka 1964, judo iliingizwa kwa mara ya kwanza, kwa aina nne za uzito. Japani ilichukua dhahabu tatu. Ya nne, ya uzito huria, ndiyo iliyosubiriwa zaidi. Tarehe 23 Oktoba, ndani ya ukumbi mpya wa Nippon Budokan, Akio Kaminaga alikutana na Anton Geesink wa Uholanzi, mtu wa karibu mita mbili aliyekuwa bingwa wa dunia tangu mwaka 1961. Baada ya zaidi ya dakika 9 Kaminaga alijaribu kumwangusha, jaribio likafeli, na Geesink akamfuata chini. Mkono ukazunguka shingo, kwapa likafunga mkono, miguu ikatanuka. Ni kesa-gatame, mbinu ambayo mwanafunzi hujifunza mwanzo kabisa. Refa akatangaza osaekomi. Sheria za wakati ule zilidai sekunde 30, na zote zilitimia. Mashabiki wa Uholanzi walipotaka kukimbilia mkekani, Geesink aliinua mkono kuwazuia, ili mwenzake apewe heshima yake kwanza.

Katika michezo ileile, miezi 6 baada ya Muungano, timu yetu ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, ikiwa imeandikishwa kwa jina la Tanganyika. Judo na sisi tuliingia Olimpiki mwaka mmoja, katika mji mmoja, ingawa sisi hatukuwa mkekani.

Majina yanavuka bahari

Mwaka 1965 Japani ilianzisha mpango wa kupeleka vijana wa kujitolea nchi za nje, na mwaka 1967 wa kwanza wakafika Tanzania. Duniani kote vijana hao walifundisha kilimo, ufundi, hisabati, na pia judo. Unguja ilipata mwalimu wa kudumu: Tsuyoshi Shimaoka, Mjapani aliyehamia huko na mkewe Yukiko miaka ya 1980, na ambaye tangu miaka ya 1990 amelea vizazi vya wachezaji wa Zanzibar. Kilichopita kutoka kwake kwenda kwao ni mbinu pamoja na majina yake. Hajime (anzeni), mate (simameni), toketa (amejinasua), maitta (nimekubali): silabi zake karibu zote zinaishia kwa irabu kama za Kiswahili, na zinakaa vinywani mwetu bila taabu.

Tarehe 29 Julai 2024, jijini Paris, Andrew Thomas Mlugu wa Tanzania, aliyebeba bendera yetu pamoja na muogeleaji Sophia Latiff, alipanda mkekani katika uzito wa kilo 73. Alimshinda William Tai Tin wa Samoa, kisha akatolewa na Joan-Benjamin Gaba wa Ufaransa, ambaye aliishia na medali ya fedha. Msamoa, Mfaransa na Mtanzania hawakuhitaji mkalimani. Amri za refa ni zilezile walizozisikia ukumbini kwao tangu siku ya kwanza.

Kwenye milima ya Uluguru nako kumewahi kupita watu wa Kyoto. Mwaka 1999, kwa msaada wa Japani, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipata kituo chake cha maendeleo endelevu ya vijijini, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walishirikiana na wenzao wa Morogoro kuchunguza namna wakulima wa miteremko wanavyotunza udongo. Walikuja kwa ajili ya mashamba. Lakini walitoka katika chuo kilekile kilichoandaa mashindano ya mwaka 1914, na kazi yao ilianza kwa kukaa na mkulima na kujifunza kutoka kwake, jambo ambalo mtu wa ne-waza angelielewa mara moja.

Kwa atakayeanza Dumila

Dumila iko kwenye barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, njia ya Kilosa inapochepuka, na mabasi ya pande zote hupita hapo. Mji wa njia panda una vijana wengi na sehemu chache za kuwakusanya jioni. Judo ya kusimama inadai mikeka ya sponji, ukumbi mpana na mwalimu aliyefuzu kufundisha ukemi, yaani namna ya kuanguka bila kuumia. Mazoezi ya chini yanadai machache zaidi. Sehemu nyingi za dunia watu wameanza kwa turubai lililokazwa juu ya maranda ya mbao, na kwa kuwa katika ne-waza hakuna anayeanguka kutoka juu, tandiko la namna hiyo linatosha kwa mwanzo. Wavulana na wasichana wanaweza kuanza pamoja. Kodokan yenyewe ilifungua idara ya wanawake mwaka 1926, na mmoja wa waliojiunga nayo miaka ya 1930 alikuwa Keiko Fukuda, mjukuu wa Hachinosuke Fukuda yule aliyemfundisha Kano. Alifundisha judo hadi uzeeni na kufariki mwaka 2013 akiwa na miaka 99.

Ningemwomba mwalimu atakayeanza Dumila aanze na ebi na uchikomi ya kesa-gatame, na akae hapo miezi. Kabali na kukunja viwiko visubiri wakubwa. Kabla wawili hawajashikana, ataje jina la zoezi kwa sauti, aeleze kwa Kiswahili maana yake ni upinzani kiasi gani, na uke aseme ameelewa. Anayepiga mkeka mara mbili aachiwe papo hapo, hata kama tori anadhani alikuwa bado hajafika. Asiyeweza kufuata hilo apumzishwe, awe na kipaji cha namna gani.

Tobari alirudi baada ya kushindwa kwa sababu alikuwa na viungo vizima vya kurudia navyo. Vijana wa kosen waliwapita wenye vipaji kwa sababu waliweza kufanya mazoezi kila siku kwa miaka 3. Wote walitegemea mwenza aliyekubali kulala chini na kuutoa mwili wake ufanyiwe mazoezi, akijua atarudishiwa mzima. Majina ya mazoezi yapo kulinda imani hiyo. Mwalimu akiyafundisha pamoja na maana yake, hata kabla vijana wake hawajaweza kumbana mtu sekunde 20 zinazodaiwa sasa, tayari atakuwa amewafundisha judo.